Mwezi Ulikuwa Wapi Usiku Ule?

Usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, sajini wa jeshi la Marekani aitwaye Silas Cobb alikuwa zamu kwenye daraja la Navy Yard, kusini mashariki mwa Washington. Amri ilikuwa kwamba baada ya saa 3 usiku mtu hapiti. Saa 5 ilipokaribia akatokea mpanda farasi, akataja jina lake la kweli, John Wilkes Booth, akasema anarudi kwao upande wa Maryland. Cobb akamuuliza kwa nini anasafiri saa kama zile. Booth akajibu kuwa njia ina giza, ndipo akaona heri angoje kidogo apate mwezi. Sajini akamruhusu. Hakujua kwamba mtu huyo alikuwa ametoka kumpiga risasi Rais Abraham Lincoln ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre.

Mambo mengi Booth aliyaficha darajani, ila kuhusu mwezi alisema kweli. Mwezi mpevu ulikuwa umetimia usiku wa tarehe 10. Kila siku mwezi husogea kiasi cha nyuzi 13 kuelekea mashariki kati ya nyota, kwa hiyo kila usiku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Siku nne baada ya kuwa mpevu, ukiwa umeanza kumegeka upande mmoja, ulichomoza Washington mnamo saa 4 usiku. Saa 4 na robo ndipo risasi ilipolia. Booth alipofika darajani mwezi ulikuwa tayari umeinuka upeoni, ukampa nuru ya kukimbilia kusini mwa Maryland.

Nuru hiyo haikudumu naye. Usiku wa tarehe 20, yeye na mwenzake David Herold walipoingia kwenye mashua kuuvuka mto Potomac waende Virginia, mwezi ulikuwa umebaki ukingo mwembamba wa alfajiri, na mto ulikuwa kiza kitupu. Giza lile walilitaka, kwa kuwa mashua za jeshi zilikuwa zinapiga doria. Lakini Potomac ya huko chini ni mto unaojaa na kupwa kama bahari. Maji yakawa yanajaa, yakawachukua kuelekea juu ya mto hadi wakajikuta pwani ya Maryland ileile waliyokuwa wanaikimbia. Mvuvi wa Kizimkazi au wa Lamu angewaambia mapema: anayekwenda majini bila kuuliza habari za mwezi hutegemea bahati. Booth aliuawa tarehe 26, siku moja baada ya mwezi kufa na kuanza mwingine.

Ajabu ni kwamba katika nchi ile hapakuwa na mwanasiasa aliyewahi kunufaika na mwezi kama Lincoln mwenyewe. Miaka saba kabla, tarehe 7 Mei 1858, akiwa wakili Illinois, alimtetea mahakamani katika mji wa Beardstown kijana aitwaye William Armstrong, maarufu kwa jina la Duff, mtoto wa marafiki zake wa zamani. Duff alishtakiwa kwa kushiriki kumuua James Metzker usiku wa tarehe 29 Agosti 1857. Shahidi mkuu, Charles Allen, aliapa kwamba aliyaona yote akiwa umbali wa futi 150, mnamo saa 5 usiku, kwa mbalamwezi ya mwezi uliokuwa juu. Lincoln akamwacha arudie maneno yake mara kadhaa. Kisha akaagiza almanaka, akaifungua penye ukurasa wa Agosti, akawaonyesha wazee wa baraza kwamba saa zile mwezi ulikuwa chini kabisa, unakwenda kutua. Duff akaachiwa.

Watu hawakukubali kirahisi. Kwa miaka mingi ulivuma uvumi kwamba Lincoln alileta almanaka ya mwaka mwingine, kwa sababu mwezi ule ulikuwa umekwisha kupita nusu kwa siku mbili hivi, na mwezi wa namna hiyo kwa kawaida hubaki angani hadi baada ya saa 6 usiku kwa muda mrefu. Mwaka 1990 mwanafizikia Donald Olson wa Texas na mwenzake walipiga hesabu upya, wakakuta almanaka ilikuwa sahihi: mwezi ulitua Beardstown dakika chache tu baada ya saa 6 usiku. Sababu yake iko kwenye njia ya mwezi angani. Njia hiyo imeinama nyuzi 5 kutoka njia ya jua, na mwinamo huo wenyewe huzunguka polepole, mara moja kwa kila miaka 18.6. Kuna mwaka ambapo mwezi hufika kusini kabisa na kaskazini kabisa kuliko miaka mingine yote, na mwaka 1857 ulikuwa mmoja wao. Mwezi wa Agosti ile ulikata upande wa chini wa anga la kusini, ukachelewa kuchomoza, ukawahi kutua. Aliyejua sura yake tu, kwamba ni mwezi wa siku tisa, angekisia vibaya. Ilibidi ajue pia uko wapi katika njia yake. Hali hiyohiyo ya kupindukia ilirudi mwaka 2024 na 2025, baada ya mizunguko tisa kamili.

Kesi ya Beardstown naichukulia kama ufunguo wa historia yote inayofuata, kwa sababu mashahidi wawili walisimama mbele ya baraza moja: jicho la mtu aliyeapa, na jedwali lililochapwa kabla tukio halijatokea. Siku ile jedwali lilishinda. Si kila siku lilishinda.

Washington ina sababu ya kuwa mahali pa kuangalia ugomvi huo, maana mji wenyewe ulianza kwa hesabu za anga. Mapema mwaka 1791, kabla hapajawa na Ikulu wala Bunge, Meja Andrew Ellicott alitumwa kupima eneo la mji mkuu mpya, mraba wenye maili 10 kila upande, uliosimama kwa pembe yake kama almasi. Aliyekabidhiwa hema la falaki na saa yake alikuwa mzee wa miaka 59, mtu mweusi huru wa Maryland, Benjamin Banneker. Baba yake alikuwa mtumwa aliyepata uhuru. Banneker alilima tumbaku sehemu kubwa ya maisha yake, na falaki aliianza uzeeni, mnamo 1788, jirani yake George Ellicott, binamu wa yule meja, alipomwazima vitabu na vifaa. Inasimuliwa kwamba usiku alijifunika joho, akalala chali nje hadi alfajiri, kisha akalala usingizi mchana, na majirani wakamwona mvivu.

Jiwe la kwanza la mpaka liliwekwa Jones Point, Alexandria, tarehe 15 Aprili 1791. Mengi ya mawe hayo 40 yangalipo, na moja lililo upande wa Arlington, Virginia, linahifadhiwa kwa jina la Banneker. Ziko hadithi kwamba alichora upya ramani nzima ya jiji kwa kumbukumbu baada ya mbunifu Mfaransa kuondoka nayo. Hazina ushahidi, wala Banneker hazihitaji. Kazi yake iliyothibitika ni kubwa zaidi: mwaka huohuo alikamilisha hesabu za mwezi na jua kwa kila siku ya mwaka 1792, zikachapwa Baltimore na wachapishaji Goddard na Angell. Ndani yake kulikuwa na saa za kuchomoza na kutua kwa jua na mwezi, kupatwa kwake, na nyakati za maji kujaa katika ghuba ya Chesapeake. Almanaka zake zilitoka kila mwaka hadi ile ya 1797.

Tarehe 19 Agosti 1791 alimpelekea nakala ya mkono Thomas Jefferson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, pamoja na barua iliyomkumbusha kwamba aliyeandika kuwa watu wote wameumbwa sawa bado anamiliki watu. Jefferson alijibu kwa adabu siku 11 baadaye, akaipeleka almanaka kwa Condorcet, katibu wa Chuo cha Sayansi cha Paris. Lakini mwaka 1809, Banneker akiwa amekwisha kufa, Jefferson alimwandikia rafiki yake akidokeza kwamba huenda Ellicott alimsaidia. Kwa maoni yangu huo ulikuwa woga. Jedwali la falaki lina mtihani wake ambao hauulizi rangi ya mwandishi: unangoja siku ifike, unatoka nje, unatazama. Jefferson alikuwa na miaka mingi ya kutazama.

Baada ya Banneker kazi hiyo iliingia mikononi mwa serikali, na sababu ilikuwa biashara ya bahari. Nahodha aliye katikati ya maji alihitaji kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi, na njia mojawapo ilikuwa kupima pembe kati ya mwezi na nyota, kisha kufungua kitabu kinachosema pembe hiyo hutokea saa ngapi huko Greenwich. Mwezi uligeuzwa mshale wa saa, nyota zikawa namba zake. Mabaharia Wamarekani wa mji wa Salem, waliokuja Unguja kuuza merikani na kununua pembe na sandarusi tangu enzi za Seyyid Said, walilelewa katika hesabu hizo. Nathaniel Bowditch, aliyeandika mwongozo wao mkubwa wa mwaka 1802, alikuwa mtu wa mji huohuo. Tatizo ni kwamba vitabu vya mwezi vilitoka Uingereza. Mwaka 1849 Marekani ikaanzisha ofisi yake ya almanaka ya mabaharia, kwanza Cambridge, Massachusetts, kisha mwaka 1866 ikahamia Washington. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha mwaka 1855.

Washington tayari palikuwa na Kituo cha Falaki cha Jeshi la Wanamaji. Kilianza mwaka 1830 kama bohari ya ramani na vipima saa, kisha kikajengewa jengo lenye kuba mahali paitwapo Foggy Bottom, kando ya Potomac. Jina la mahali lilikuwa onyo tosha: ukungu wa mto ulifunika darubini, na wafanyakazi waliugua homa. Hapo ndipo Lincoln alipokwenda usiku mmoja wa Agosti 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Katibu wake, John Hay, aliandika katika shajara kwamba walitazama mwezi, uliokuwa karibu nusu, na nyota Arcturus. Familia ya mwanafalaki Asaph Hall ilihifadhi kisa cha ziada: siku chache baadaye Hall akiwa peke yake katika kazi yake ya usiku, kifuniko cha sakafu kikafunguka, akachomoza Rais akiwa amekuja kwa miguu. Alitaka kujua kwa nini mwezi wa kwenye darubini umesimama kichwa chini miguu juu. Hall akamweleza jinsi vioo vinavyopindua taswira. Kwa wakili wa Beardstown, hilo lilikuwa swali halali kabisa: jicho limeona, lakini limeona kupitia nini?

Miongoni mwa waliofanya kazi pale alikuwemo Simon Newcomb, mzaliwa wa Nova Scotia aliyeajiriwa mwaka 1861. Huyu ndiye aliyegundua kwamba mwezi haufuati jedwali. Majedwali bora ya wakati ule yalikuwa ya Mjerumani Peter Hansen, yaliyochapwa London mwaka 1857, na kila mtu aliamini kwamba suala la mwezi limekwisha. Newcomb akaona mwezi unaanza kuachana nayo, kidogo, lakini mwaka baada ya mwaka. Je, kosa liko wapi? Hansen alikuwa amelinganisha hesabu zake na vipimo vya tangu 1750 tu. Ikiwa vingepatikana vya zamani zaidi, ukweli ungejulikana.

Akavifuata Paris. Alifika huko mwaka 1871, katika majira mabaya kuliko yote: jiji lilikuwa mikononi mwa waasi wa Komuni, majeshi ya serikali yamelizingira, na mizinga inasikika. Yeye alikaa ndani ya kituo cha falaki akipekua daftari za wanafalaki wa karne ya 17, waliokuwa wameandika saa kamili ambazo mwezi ulizificha nyota moja moja. Nyota inapofichwa na mwezi hupotea ghafla, kwa hiyo hata mtu aliyekuwa na saa ya kawaida mwaka 1680 aliacha ushahidi wa maana. Wenye daftari walikuwa hawajui thamani ya walichokishika. Newcomb alirudi na vipimo vya karibu miaka 75 zaidi, na hukumu ikawa kinyume cha ile ya Beardstown. Mashahidi wa macho walikuwa wakweli. Jedwali ndilo lililokosea.

Mwaka 1877 akawa mkuu wa ofisi ya almanaka, akaishika kwa miaka 20. (Mwaka huohuo Asaph Hall, kwa darubini ya inchi 26 palepale Foggy Bottom, alivumbua miezi miwili ya Mars, baada ya kutaka kukata tamaa na kuhimizwa na mkewe Angeline.) Newcomb alishuku jambo ambalo wengi waliliona kichaa: pengine mwezi hauna kosa, ila dunia inayotumiwa kama saa haizunguki kwa kasi moja. Hakuweza kulithibitisha. Aliendelea nalo hadi saratani ikamlaza kitandani, akasomea wengine waandike kazi yake ya mwisho juu ya mwezi, akaimaliza, akafa Julai 1909. Rais Taft alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake.

Ernest Brown wa Chuo Kikuu cha Yale aliuendeleza mzigo kwa kutunga majedwali mapya ya mwaka 1919, na hata yeye alilazimika kuongeza kiraka ambacho nadharia haikukieleza. Mwaka 1939 Harold Spencer Jones wa Uingereza alionyesha kwamba mwezi, jua na sayari huonekana vikiyumba kwa pamoja. Vitu vyote haviwezi kukosea kwa namna moja. Ilikuwa ni dunia, kama Newcomb alivyoshuku, na sababu mojawapo ni mwezi wenyewe: maji kujaa na kupwa husugua dunia na kuipunguza kasi, na kwa malipo hayo mwezi nao husogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Wakati huo kituo cha wanamaji kilikuwa kimehama Foggy Bottom. Tangu 1893 kiko juu ya kilima kwenye barabara ya Massachusetts Avenue, kimezungukwa na miti na uzio wa duara ili magari yasitikise vyombo. Ndani ya duara hilo ndimo ilimo nyumba rasmi ya Makamu wa Rais, kwa hiyo Wamarekani wengi huijua anwani ile kwa misafara ya magari meusi kuliko kwa nyota.

Hapo ndipo William Markowitz alipoweka, mwaka 1952, kamera ya ajabu. Kupiga picha ya mwezi pamoja na nyota ni kazi ngumu: mwezi unang'ara kupita kiasi, tena unatembea, hivyo ukizifuata nyota wenyewe hukwaruza picha. Markowitz aliweka mbele ya mwezi kioo cheusi kinachojiinamisha polepole kwa kipimo kile kile cha mwendo wake, ukatulia kwenye picha wakati nyota zinafuatwa kivyake. Kwa picha hizo alijua mwezi ulikuwa wapi kwa usahihi ambao haukuwahi kupatikana, na kutokana na mwezi akapata muda usiotegemea dunia inayoyumba. Uingereza, Louis Essen alikuwa na saa mpya inayohesabu mitetemo ya atomu za sizi (caesium). Kuanzia 1955 hadi 1958 wawili hao walilinganisha mwezi wa Washington na saa ya Essen, wakapata kwamba sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770. Mwaka 1967 mataifa yakaipitisha namba hiyo kuwa sekunde ya dunia nzima. Simu iliyo mfukoni mwa bodaboda wa Kariakoo inahesabu sekunde zilizopimwa kwa mwezi uliopigwa picha juu ya kilima kile.

Siku hizi mahali pa mwezi panajulikana kwa mwali wa leza unaotumwa kwenye vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo tangu 1969. Upande wa Maryland, mjini Greenbelt, Kituo cha Goddard kinaendesha chombo kilichoanza kuuzunguka mwezi mwaka 2009, na kila mwaka hutoa picha ya sura yake kwa kila saa ya mwaka mzima. (Goddard huyu ni mtu wa roketi, hana uhusiano na mchapishaji wa Banneker, ingawa ingependeza.) Uliza siku yoyote, saa yoyote: umeangazwa asilimia ngapi, uko umbali gani, umeinama vipi. Jibu lipo kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna swali moja ambalo kilima cha Massachusetts Avenue hakilijibu, nalo huulizwa kila mwaka umbali mfupi chini ya barabara hiyohiyo. Kituo cha Kiislamu cha Washington, chenye mnara unaoonekana juu ya miti, kilifunguliwa na Rais Eisenhower tarehe 28 Juni 1957, miezi ileile ambayo kamera ya Markowitz ilikuwa kazini juu zaidi kwenye barabara hiyo. Huulizwa: je, mwezi umeandama?

Kuungana kwa mwezi na jua ni tukio moja kwa dunia nzima, na jedwali hulitaja kwa dakika. Kuonekana kwa mwezi mchanga ni habari ya mahali ulipo, hali ya hewa, upeo wa macho, na macho yenyewe. Kituo cha wanamaji husema hivyo waziwazi katika maelezo yake. LeRoy Doggett wa ofisi ya almanaka na Bradley Schaefer, aliyekuwa Goddard, waliamua kulipima jambo lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwaomba watu wa kujitolea kote Amerika Kaskazini watoke jioni maalumu, watazame, waandike waliona au hawakuona. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 yangemfurahisha Lincoln. Pale ambapo mwezi haukuweza kuonekana, karibu asilimia 15 ya watazamaji waliripoti kuuona. Hawakuwa waongo. Ukilitamani jambo, ukalitazamia mahali linapotarajiwa, wingu jembamba au alama ya ndege yatosha.

Mwaka 2006 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini liliamua kutegemea hisabu, likaanza kutangaza tarehe za Ramadhani na Idi mapema. Hoja yake haikuwa ya kitabu tu: mfanyakazi wa Silver Spring au Alexandria, vitongojini mwa Washington, anatakiwa aombe ruhusa kazini, na mtoto ruhusa shuleni, majuma kadhaa kabla. Wengine katika eneo hilohilo wamebaki na kuona kwa macho, na wengine hufuata Makka. Familia za kutoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zina sikio la ziada, maana simu ya nyumbani ndiyo huleta habari ya kwanza, nayo hutoka mahali ambapo jioni imeingia saa saba au nane kabla ya Washington.

Saa hizo si ndogo. Chukua tarehe 10 Machi 2024, Ramadhani ikingojewa. Mwezi uliungana na jua saa 6 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, sawa na saa 11 alfajiri Washington. Jua lilipotua Mombasa mwezi ulikuwa na umri wa chini ya saa saba, bado haujajitenga na jua hata nyuzi 5. Chini ya nyuzi 7 hivi ukingo wake hauonekani hata kwa darubini. Lakini siku hiyohiyo mwezi ulikuwa mahali karibu kabisa na dunia katika njia yake, kilomita zisizofika 357,000, na ukiwa karibu hukimbia kuliko kawaida. Jua lilipokuja kutua Washington, mwezi ulikuwa na umri wa saa 14, umbali wake na jua umepita nyuzi 8, na kwa kuwa ni majira ya machipuko ya kaskazini, ulisimama juu ya mahali jua lilipozama badala ya kulala pembeni. Ulikuwa mwezi mgumu, ila wa kuwezekana, na ulizidi kuwa rahisi kadiri ulivyokwenda magharibi kuelekea California. Kwa hiyo Washington wengi walifunga Jumatatu tarehe 11. Mombasa na Dar es Salaam mwezi haukuonekana, wakafunga Jumanne tarehe 12. Mtu wa kitongoji cha Hyattsville aliyempigia simu mamake huko nyumbani Jumatatu asubuhi alimkuta bado anakula, na wote wawili walikuwa sawa.

Mwisho wa mfungo uleule ukaja na kitu ambacho hutokea mara chache. Tarehe 8 Aprili, ambayo kwa wafungaji wengi wa Marekani ilikuwa 29 Ramadhani, jua lilipatwa. Kupatwa kwa jua ndiko kuungana kwa mwezi na jua kukitokea mbele ya macho. Washington sehemu kubwa ya jua, zaidi ya asilimia 85, ilifunikwa mnamo saa 9 na dakika 20 alasiri, na watu walisimama vibarazani wamevaa miwani ya karatasi. Aliyeuona mwezi ule mweusi ukilipita jua alasiri hakuhitaji kupanda mahali popote kuutafuta magharibi jioni ile, maana ulikuwa haujafikisha hata umri wa saa sita. Wakatimiza siku 30. Afrika Mashariki, siku hiyo ilikuwa 28 kwao. Kesho yake jioni mwezi ukaandama, wakawa wamefunga 29. Jumatano tarehe 10 Aprili 2024, Idi ikaswaliwa Massachusetts Avenue na Mombasa siku moja.